Batri Iliyojaa Yenyewe

Jumamosi ile Tambwe alipoleta pikipiki yake nyumbani, mke wake Carine alikuwa ameketi mlangoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuna aliyedhani siku hiyo ingekuja kusimuliwa. Sisi ni majirani zao hapa Cimpunda, Bukavu. Kati ya nyumba yetu na yao pana ukuta wa mbao tu, na mbao hazifichi sauti. Kwa hiyo mengine tuliyasikia wenyewe, na mengine Carine alimweleza mama yangu, maman Bintu, alipoweza tena kuongea.

Tambwe alikuwa dereva wa moto, kama tunavyoziita pikipiki huku kwetu. Kwa miaka aliendesha za watu. Hii ilikuwa yake. Aliinunua kule Mudaka, nje ya mji, kwa mkulima wa maharage aitwaye Alphonse: nyekundu, kiti kimeshonwa upya, injini inanguruma bila kukohoa. Siku hiyo hiyo alimpakia Carine wakashuka Ibanda kutazama ziwa, wakala mishikaki kando ya barabara, wakarudi na matope magotini, wanacheka. Jioni akaiingiza sebuleni, maana Cimpunda mtu haachi moto nje, akaiegemeza ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda chao.

Wiki chache baadaye taa ya nyuma iliungua. Tambwe akaipeleka kwa Polycarpe, fundi umeme wa pikipiki mwenye kibanda chake karibu na soko la Kadutu. Polycarpe akabadilisha taa, kisha kwa mazoea tu akagusisha nyaya za kipimo chake kwenye batri huku injini ikinguruma. Akakunja uso. Akazidisha mwendo wa injini. Namba ikabaki palepale.

“Hii moto haichaji,” alisema.

Injini ikizunguka, bobine iliyo ndani yake huzalisha umeme, na umeme huo hurudi kuijaza batri. Fundi huuona kwenye kipimo: namba hupanda. Hapa haikupanda. Polycarpe akafungua kifuniko cha ubavu wa injini, akaichomoa bobine. Nyaya zake zote zilikuwa nyeusi, zimeshikana kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

“Tangu lini unatembea na hii?”

“Tangu siku niliinunua. Na haijanizimia hata mara moja. Nagusa kidogo tu, inawaka.”

“Haiwezekane, Tambwe. Batri bila kuchajiwa inatembea siku mbili, tatu, inakufa.”

Tambwe akacheka. Bobine mpya ikafungwa. Kabla jua halijazama alirudi. Moto inanuka kuungua, bobine mpya nyeusi kama ile ya kwanza. Polycarpe alibadilisha pia kisanduku kinachopima umeme unaoingia kwenye batri, akaufuata kila waya kwa kidole, akafunga bobine nyingine. Nayo ikaungua. Mwishowe akainua mikono.

“Endesha tu hivyo. Lakini ikikuzimia mu njia, usinitafute.”

Haikuzima. Aliyeanza kuzima ni Tambwe.

Kwanza ulikuwa uchovu. Alirudi saa sita mchana, yeye aliyezoea kufanya kazi hadi giza. Kisha akaanza kushika ukuta akiamka. Kilima chetu alichokipanda kila siku akipiga mluzi sasa alipumzika mara nyingi njiani, ameweka mikono magotini kama muzee. Hospitali walimpima malaria, hakuna. Tifoidi, hakuna. Damu yake, walisema, ni nzuri. Apumzike.

Akapumzika. Moto ikabaki sebuleni, haiguswi na mtu. Tambwe akabaki kitandani, upande wa pili wa ukuta.

“Nasikia kama kuna kitu inanivuta kwa mugongo,” alimwambia Carine. “Haiumi. Inanivuta tu.”

Hapo mvua za kila alasiri zilikuwa zimeanza. Siku moja Carine alikuwa akifagia sebule. Akakumbuka maneno ya Polycarpe, kwamba batri isiyochajiwa hufa, akaona afadhali aiangalie kabla Tambwe hajapona na kutaka kurudi kazini. Akaingiza ufunguo, akauzungusha.

Taa ya mbele ikawaka. Ilikuwa mchana, pazia liko wazi, lakini mwanga ule uliujaza ukuta wa mbele mpaka misumari ikatoa vivuli.

Chumbani, Tambwe alinong’ona.

“Zima, Carine.”

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Kutoka kitandani pale hangeweza kuona kitu.

“Zima. Inanitoka.”

Akazima. Alipoingia chumbani alimkuta Tambwe ametokwa jasho, midomo mikavu, anamtazama kama mtu aliyekimbia mlima mzima. Hakukumbuka kusema neno lolote.

Carine hakulala vizuri siku zile. Alimwita padri, akaja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka kitandani na, kwa ombi la Carine, kwenye moto pia. Tambwe alisinzia kwa amani alasiri hiyo. Carine akapata tumaini. Asubuhi yake mume wake hakuweza kushika kikombe.

Jumapili baada ya misa akamleta Polycarpe. Fundi alikuwa na shati lake la kanisani, amebeba mfuko mdogo wa vyombo. Akagusisha kipimo kwenye batri, injini ikiwa imezimwa. Akatazama. Akafuta ncha za nyaya kwa shati, akagusisha tena.

“Nani anachaji hii?”

“Hakuna mutu.”

“Maman Carine, bobine iko imekufa. Moto haijatembea. Hii batri ilipaswa kuwa chini.” Alimwonyesha namba kwenye kioo. “Iko imejaa kuliko mupya.”

Kupitia mlango walisikia pumzi ya Tambwe, ikivutwa polepole, ikiachiwa polepole. Polycarpe hakutoa kipimo. Aliendelea kukitazama, na Carine akainama kutazama pamoja naye. Pumzi ilipotoka, namba ya mwisho ilipanda kidogo. Ikatulia. Pumzi nyingine ikatoka. Ikapanda tena.

Polycarpe akazichomoa nyaya zake kama aliyeungua.

Akakifungua kiti. Chini yake, kutoka kwenye kichwa cha batri cha upande wa chanya, kulikuwa na waya mmoja mwembamba, mweusi, ambao hakuwa ameuona siku zote alizoifungua moto ile. Haukwenda kwenye taa. Haukwenda kwenye honi wala kwenye injini. Uliingia ndani ya sponji ya kiti. Akapasua mshono kwa kisu, akaufuata kwa vidole, akauvuta nje taratibu.

Mwisho wake ulikuwa umefungiwa kipande cha kitambaa. Cha buluu, chenye mistari myeupe.

Carine alikijua. Kilikuwa cha shati alilomnunulia Tambwe baada ya moto kuja. Tambwe alikuwa amelivaa wakati huo, kitandani.

Wakaingia chumbani, wakamgeuza kwa upole. Mgongoni, chini kabisa, upindo wa shati ulikuwa umekatwa kipande. Umekatwa vizuri, kwa makasi, wala uzi haukuchomoza. Na Tambwe alikuwa amelala juu yake.

“Tukate huu waya,” alisema Polycarpe. “Sijue ni nini. Lakini umeme ukiibiwa na waya, unakata waya.”

Carine alikubali. Nani angekataa? Alisimama mlangoni mwa chumba, jicho moja kwa mume wake, jicho moja kwa fundi. Polycarpe akauingiza waya kati ya meno ya koleo. Akabana.

Ulitoa mlio mdogo, tik.

Pumzi chumbani ikakatika.

Haikupungua. Ilikatika. Tambwe alikuwa amefumbua macho, anatazama mabati, midomo inageuka rangi ya majivu. Carine aliweka kiganja kifuani mwake. Hakukuwa na kitu chini ya kiganja. Hakuna.

“Rudisha,” alisema. “Papa Polycarpe. Rudisha.”

Sisi upande wa pili wa mbao tulisikia koleo likianguka. Tulisikia fundi akihema, akitafuta ncha za waya na kuzisokota pamoja. Kisha tukasikia Tambwe akivuta pumzi moja ndefu, ya sauti, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya ziwa.

Polycarpe alibaki ameketi sakafuni. Aliongea kwa sauti ya chini sana.

“Unasikia, maman Carine. Ile yote iko mu batri, ni yeye. Ukiwasha taa, unamutumia. Ukipiga honi, unamutumia. Na kitu ikitoka mule hairudi, hakuna bobine ya kuirudisha. Mutu asiguse ile contact ya ufunguo.”

“Na nisipogusa?”

Polycarpe akaanza kuokota vyombo vyake.

“Itaendelea kujaa,” alisema.

Alimshauri amtafute aliyewauzia. Alipotoka alimsalimia mama yangu bila kumtazama, akashuka kilima haraka, mfuko ukimgonga pajani.

Kesho yake Carine alimwita Xavier, mdogo wake Tambwe, aje kukaa na mgonjwa. Alificha ufunguo chini ya masufuria. Kwa Xavier hakuweza kueleza mambo yale. Alijaribu, akaona jinsi yanavyosikika, akaacha. Alisema tu, “Usiguse ile moto. Hata kama nini. Usiiguse.” Xavier akaitikia. Alidhani shemeji anaogopa wezi.

Carine akapanda moto ya kukodi hadi Mudaka. Njia nzima mbele yake kulikuwa na mgongo wa dereva kijana, mnene, mwenye afya, akiimba. Carine anasema ndio uliomliza, mgongo ule.

Alphonse alikuwa shambani, ameinama katikati ya maharage. Alipomwona mwanamke mgeni anakuja kati ya matuta, hakuuliza ni nani. Aliweka jembe chini.

“Ni moto,” alisema.

“Ni bwana yangu.”

Muzee akakaa kwenye tuta. Moto ile, alisema, ilikuwa ya ndugu yake mdogo. Ilipokuja haikuwa na kasoro. Siku moja batri ya zamani ilikufa, mtu fulani barabarani akamwekea nyingine, akamwambia hii haitamsumbua kuchaji. Mtu huyo hawakumwona tena. Baadaye ndugu yake akaanza kuchoka. Alikufia palepale, katika shamba lile, saa nne asubuhi, ameshika jembe.

“Na moto ilikuwa nyumbani, nimeweka ufunguo hapa.” Aligusa mfuko wa suruali. “Nilikuta taa inawaka. Iliwaka mupaka jioni.”

“Ule waya, ulikuwako?”

“Niliung’oa. Niliuchoma. Ile batri nilitupa mu mutoni. Asubuhi niliikuta mahali pake.” Hakuinua uso. “Nilisema, ikienda mbali, mu mji, kwa watu wengi, labda itapotea.”

Carine alitaka kumpiga. Alitaka kumshika kola ampigize kwenye udongo ule mwekundu. Lakini alimtazama muzee pale kwenye tuta, akaona kwamba hakuna kitu ndani yake cha kuchukua, wala jibu, wala dawa.

“Papa Alphonse. Nifanye nini?”

“Musiiwashe. Ataweza kukaa hivyo.”

“Mupaka lini?”

“Sijue, mama. Kwa ndugu yangu sikujua kama haiwashwe, tulikuwa tunaiwasha kila siku.”

Wingu lilikuwa limefunika upande wa Bukavu. Carine akatoa simu, akampigia Xavier. Ikaita hadi mwisho. Akapiga tena. Ikaita hadi mwisho. Akampigia mama yangu.

Mama yangu alimweleza alichokiona. Tambwe alikuwa ameacha kujibu anapoitwa. Xavier alimtikisa, akamwita, akamlilia. Mvua inanyesha, njia imejaa matope, hakuna dereva aliyekubali kupanda mpaka kwetu. Na moto ilikuwa pale sebuleni. Alipekua nyumba nzima hadi chini ya masufuria, akapata ufunguo. Vijana wawili walimsaidia kumpandisha kaka yake, mmoja akakaa nyuma kumshikilia. Wameshuka. Wanaelekea hospitali, Ibanda.

“Iliwaka?” aliuliza Carine.

“Iliwaka mara moja tu, mwanangu. Kwa nguvu.”

Ndugu gani asingefanya vile? Carine hajawahi kumlaumu Xavier, hata leo.

Dereva wake aliendesha kama mwendawazimu, kwa maana alimwomba. Mvua ikawapokea kabla ya mji. Place de l’Indépendance, uwanja wa katikati ya mji, palikuwa pamefungana: malori, mabasi madogo, moto zimeingiliana, askari wa barabarani amejibanza chini ya paa la duka. Carine akashuka akakimbia kwa miguu kati ya magari. Alijua lazima wapite pale.

Akasikia honi.

Aliitambua. Ilikuwa ndefu, kali, inatoka upande wa Kadutu. Xavier alikuwa anaomba njia.

Akawaona. Taa ya mbele ilikuwa inawaka ndani ya mvua, nyeupe, nyeupe mno, watu wanaikinga kwa mikono. Xavier mbele. Nyuma kijana. Katikati Tambwe, kichwa begani mwa mdogo wake, miguu inaning’inia. Honi ikalia. Kichwa cha Tambwe kikashtuka. Honi ikalia tena. Kikashtuka tena, kidogo zaidi.

“Usipige!” Carine alipunga mikono yote miwili. “Xavier, usipige!”

Xavier alimwona shemeji yake barabarani, analia, anapunga. Alidhani anawaomba watu wapishe. Akabonyeza honi, akaishikilia.

Sauti ilianza juu. Ikashuka. Ikawa nzito, kama ng’ombe. Taa ikageuka njano. Honi ikakatika kwa mkoromo, na injini ikazima pamoja nayo, katikati ya njia.

Carine alifika. Aliuzungusha ufunguo kuzima, akauchomoa kabisa.

Taa haikuzimika.

Ilibaki inawaka, rangi ya mkaa unaowaka, ufunguo uko mkononi mwake. Aliifunika kwa viganja viwili kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Ilikuwa na joto. Si joto la taa. Joto la mwili. Alimwita kwa jina lake, karibu na kioo, polepole, ili asimshtue. Aliita tena. Ndani ya kioo uzi mwekundu ulikonda, ukakonda, ukawa kama unywele.

Ukaisha.

Nyuma yake Xavier alikuwa anasema, “Kaka. Kaka.” Kijana aliyekaa nyuma alikuwa ameshaondoa mikono yake.

Walimbeba Tambwe hadi kibarazani mwa duka, mvua inanyesha, watu wamejazana. Lilipofika gari la kumchukua, mtu akauliza moto iko wapi. Haikuwepo. Moto iliyokufa, isiyo na ufunguo, katikati ya magari yasiyosogea, na hakuna aliyemwona mtu akiisukuma. Polycarpe ameitafuta kwa mafundi wenzake wote, Kadutu, Bagira, hata Uvira alipiga simu. Anawaambia waangalie chini ya kiti. Wengine humcheka.

Tulimzika Tambwe siku ya Jumatano. Ndugu walipoanza kuondoka, Carine aliingia chumbani kutandua kitanda ambacho mama yangu alikuwa amekifunika tu kwa blanketi tangu siku ile. Shuka lilikuwa safi. Alilitandika mwenyewe asubuhi aliyokwenda Mudaka. Alipolifunua blanketi akamwita mama yangu, na mama yangu akamwita Polycarpe, aliyekuwa bado nje na waombolezaji.

Pale mikono ya Tambwe ilipokuwa imelala kulikuwa na matundu mawili. Hayakuwa ya kuchanika. Kitambaa kilikuwa kimeliwa, kingo zimekuwa njano na kuvunjikavunjika, na yameshuka mpaka ndani ya godoro. Polycarpe aligusa ukingo, akanusa kidole.

“Haya ni maji ya batri,” alisema. “Maji makali. Yanakula nguo hivi.”

“Batri haikuingia humu hata siku moja,” alisema Carine.

Polycarpe alikuwa anatazama upande mwingine wa kitanda, ule wa ukutani, anapolala Carine. Mama yangu naye akaangalia. Hapo, usawa wa mkono wa mtu aliyelala, palikuwa na tundu la tatu. Dogo, kama jicho la sindano. Ukingo wake ulikuwa bado na unyevu.